Saba Hana Homa

Jina la Mama Baridi halikutokana na roho yake. Roho yake ni ya moto, na ukitaka kuhakikisha, gusa koki zake bila ruhusa. Jina lilitokana na kazi. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akizinywesha nitrojeni ya maji detekta kumi na mbili za maabara, asubuhi, mchana na jioni, na kila akitoka chumba cha mitungi, wingu jeupe linamfuata miguuni kama malaika aliyeshushwa cheo.

Detekta yenyewe ukiiona huwezi kuipigia saluti. Ni kopo la chuma, ukubwa wa sufuria ya kupikia watu wanne, na ndani yake limelala jiwe la madini ya germani. Kazi ya jiwe ni kuona mionzi ya gamma, na linaona vizuri kuliko wewe unavyoona makosa ya shemeji yako. Ila lina madeko. Linataka baridi ya kuganda kupita barafu yoyote unayoijua, muda wote, siku za kazi na siku za mapumziko. Likionja joto kidogo tu linasusa, na kulibembeleza mpaka lirudi kazini ni wiki nzima.

Mama Baridi anaziita watoto wangu. Moja, Mbili, Tatu, mpaka Kumi na Mbili, ambaye ni kitinda mimba na amedekezwa vibaya. Wote anawapenda sawa, ndivyo anavyosema. Uongo mtupu. Kipenzi chake ni Saba. Saba aliletwa akiwa anavuja, wakubwa wakaandika barua atupwe, Mama Baridi akamuuguza miezi minne kwa gundi, bisibisi na maneno matamu. Leo hakuna jicho kali kama la Saba kwa mionzi ile hafifu, ile inayopita kwa kunyata. Mume wake Mama Baridi, ambaye ni seremala, alimtengenezea kigoda cha mninga, na kigoda hicho kimewekwa nyuma ya ukuta wa plaiwudi, upande wa Saba. Akimaliza kunywesha anakaa hapo, anasikiliza. Ukimuuliza anasikiliza nini, anakwambia, "Anavyopumua." Detekta haipumui. Wewe mwambie.

Sasa kuna mtu mwingine ambaye siku hizi alikuwa hapumui vizuri, na huyo ni Mama Baridi mwenyewe.

Ilianza kwenye ngazi. Kutoka chumba cha mitungi mpaka kwa watoto kuna ngazi kumi na nane, na mtungi wa mkononi unabeba lita kumi. Zamani alikuwa anazipanda huku anaimba. Mwaka huu, ngazi ya tisa tu kifua kinabana, anasimama, anajifanya anakagua taa. Taa ya ngazi ya tisa ndiyo taa iliyokaguliwa kuliko zote duniani.

Nyumbani Seremala alijua. Kazini hapana, na hapo ndipo penye mzigo. Mlangoni pa chumba cha nitrojeni pamebandikwa karatasi yenye herufi nyekundu: MWENYE TATIZO LA MOYO AU PUMZI HARUHUSIWI KUINGIA. Aliyeiandika ni Mama Baridi. Aliyeibandika ni Mama Baridi. Aliyewahi kumfukuza fundi mmoja wa umeme kwa sababu tu alikohoa, ni Mama Baridi huyo huyo. Na kustaafu kwake kulikuwa kumebaki miezi miwili, na katikati ya hiyo miezi miwili kulikuwa na jaribio la mwisho, siku tano za mwali, yaani mkondo wa chembe, kutoka kwenye mtambo mkubwa, siku ambazo maabara ilizisubiri miaka miwili kwenye foleni. Akisema moyo unamsumbua, anaondolewa. Watoto wake watanyweshwa na nani? Na yeye atakikosa kile kiini.

Kiini gani? Hapa acha Mama Baridi aeleze mwenyewe, kama alivyomweleza Seremala siku moja wanakunywa chai.

"Kiini cha atomu ni nyumba," alisema. "Wenyeji ndio protoni, wageni ndio neutroni. Nyumba ya kawaida wageni wanalingana na vitanda, watu wanalala. Sasa hawa wanasayansi wangu wanaijaza nyumba wageni mpaka madirishani."

"Kwa nini?"

"Waone itakuwaje."

"Si ubaya huo?"

"Sikiliza basi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sivyo? Kwenye nyumba hii siku ya tatu inafika kabla hujapepesa jicho. Mgeni mmoja anachoka ugeni, anajigeuza mwenyeji, papo hapo, anatupa elektroni nje, na nyumba nzima inatikisika. Ule mtikisiko ndio gamma. Saba anauona. Sisi tunahesabu: nyumba ngapi zimegeuka, na imechukua muda gani nusu yao kugeuka. Hiki cha safari hii hakuna mtu amewahi kukipima. Hakuna, baba watoto. Mimi na wanangu tutakuwa wa kwanza."

Seremala alifikiri, akakoroga chai iliyokwisha sukari. "Kwa hiyo kazi yako yote hiyo," alisema, "ni kuchungulia wageni wa watu."

Basi. Jaribio likapangwa kuanza Jumatatu. Na hospitali, ambayo Mama Baridi aliisubiri miezi mitatu impige picha ya moyo, ikampangia Jumanne saa moja asubuhi. Miadi miwili ya maisha ikaangukia wiki moja kama mapacha wasiopendana. Akawaza: saa moja napigwa picha, saa tano niko kazini. Zamu ya asubuhi nitamwambia yule binti mwanafunzi wa maabara aninyweshee. Nani atajua?

Jumanne muuguzi akamlaza, akamdunga sindano mkononi, akaanza hotuba yake. "Mama, dawa hii tuliyokuchoma ina mionzi kidogo, ndiyo inayotuonyesha moyo. Kila baada ya masaa sita inapungua nusu..."

"Mwanangu," alimkata Mama Baridi kwa maringo, "mimi mionzi ndiyo kazi yangu. Miaka ishirini na sita. Usinifundishe kuchemsha maji."

"Haya mama. Ila leo kunywa maji mengi, nenda chooni kila mara, na usikae karibu na watoto wachanga."

Mama Baridi aliitikia, lakini akili yake ilikuwa imekaa juu ya moyo kama kuku juu ya yai. Alichoshika ni maji na watoto. Akampigia simu binti yake asimlete mjukuu leo. Seremala, aliyekuwa amekaa pembeni ya kitanda, alishika kila neno, kwa bahati mbaya, na akajiteua kuwa msimamizi wa maji. Mama Baridi akaona masharti ametimiza yote, kisha akaenda moja kwa moja kukaa na watoto kumi na wawili.

Sasa utauliza, hiyo maabara haina mashine ya kukagua watu? Inayo. Iko mlango wa kutokea, ili mtu asitoke na mionzi kwenda nayo nyumbani. Mlango wa kuingilia hauna kitu isipokuwa mlinzi na redio yake. Nani angefikiria mtu atatoka na mionzi nyumbani ailete kazini? Hiyo ni kama kwenda kisimani na maji yako.

Saa tano na robo Mama Baridi amekaa kigodani, chupa ya maji mapajani. Spika ya ukutani ikakwaruza. Alikuwa binti wa shahada ya uzamivu, mwanafunzi ambaye watu walimpa jina la Grafu kwa sababu hata ukimuuliza amelalaje, anaweza kukuchorea. Jaribio hili lilikuwa lake. Miaka minne ya masomo, na tasnifu yake nzima ilikuwa na shimo moja katikati, ukubwa wa namba moja: nusu-uhai wa kiini hicho, yaani muda wa nusu yake kugeuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wanangu umewanywesha vizuri asubuhi?"

"Kama ulivyoniambia. Mama, Saba yuko sawa?"

Mama Baridi alisimamisha chupa mdomoni. "Kwani?"

"Ana kitu. Kuna mstari umeota hapa kwenye nishati ya mia na arobaini. Jana haukuwepo. Umesimama kama mnara wa simu."

Kusikia mtoto anaumwa, mzazi gani anakaa mbali? Mama Baridi alivuta kigoda, akakibananisha na plaiwudi, akaweka sikio, akaweka na kiganja. "Saba," alinong'ona, "una nini mama yangu?"

"Mamaa!" Grafu alipiga kelele kwenye spika. "Unakua! Unapanda hivi hivi ninauona!"

"Usijali, niko naye! Sibanduki hapa!"

Na kweli hakubanduka. Alikaa naye kwa upendo wote, akijisugua kwenye ukuta kama paka, na mstari ukanenepa kama mtu aliyepata ajira.

Hapo ndipo alipoingia Mkuu. Mkuu wa jaribio ni mzee wa heshima, alianza kazi mwaka mmoja na Mama Baridi, yeye akapanda kwa vyeti, mwenzake akapanda kwa ngazi kumi na nane. Ana kipara kinachong'aa na jibu kwa kila swali, na kwa kawaida vitu hivyo viwili hufanya kazi pamoja. Aliangalia skrini nukta tatu.

"Mia na arobaini? Huo mstari nimeujua tangu nina nywele," alisema. Mama Baridi alimsikia kupitia spika. "Hizo ni neutroni zilizopotea njia, zinaipiga germani yenyewe. Jiwe likipigwa ndivyo linavyolia. Saba inaumia."

"Lakini Mkuu, ule wa kwako uko mia na thelathini na tisa na ushei. Huu uko mia na arobaini na nusu."

"Vipimo vyako vya huku chini vimelegea."

"Na ule wa kwako ukiacha kupigwa, nusu yake inakwisha kwa sekunde arobaini na nane. Huu..."

"Binti. Nimesema Saba."

Grafu alikuwa mtoto mwenye adabu. Ila adabu yake ina daftari, na kwenye daftari akaanza kuandika kila kitu kwa dakika.

Wakati huo simu ya Mama Baridi inaita kiunoni.

"Umekunywa?" Ni Seremala.

"Nimekunywa."

"Ngapi?"

"Chupa ya tatu hii."

"Umekwenda?"

"Kwenda wapi?"

"Mama watoto, unajua pa kwenda."

"Niko kazini, baba, nina mgonjwa hapa!"

"Hilo siyo jibu," alisema Seremala, na kwenye grupu la familia akatuma taarifa: Mama amekunywa tatu, kuhusu lile lingine anakwepa maswali. Watoto wao wakajibu kwa vidole gumba.

Mama Baridi akaenda. Aliporudi, akakaa. Akaenda tena. Chupa tatu si mchezo. Na huko chumba cha skrini Grafu anaandika: saa sita kasoro ishirini, mstari umezimika wote. Saa sita kasoro kumi na tatu, umewaka. Saa sita na dakika tano, umezimika. Saa sita na kumi na moja, umewaka. Maskini binti wa watu, alikuwa anachora kwa rangi mbili, kwa ufundi mkubwa, ratiba ya kibofu cha Mama Baridi.

Mkuu aliagiza mwali usimamishwe. Saa nzima ya mwali, baada ya miaka miwili ya foleni! Wakaingia kwenye ukumbi wenyewe, yeye na Grafu, na bila shaka wakamwita tabibu wa detekta, Mama Baridi, aje ashike nyaya. Akaenda akasimama katikati ya wanawe wote. Grafu akakimbia kwenye skrini, akarudi macho yamemtoka.

"Sasa wanaumwa wote kumi na wawili!"

"Ugonjwa unaambukiza," alisema Mama Baridi, akajishika kifua.

Wakabadilisha nyaya. Wakabadilisha plagi. Mkuu akapiga magoti akanusa sakafu, sijui alikuwa anatafuta nini na nadhani hata yeye hajui. Hakuna kilichobadilika. Mama Baridi akaenda chooni, wote wakapona. Mkuu akapiga makofi, akasema ile plagi aliyoibadilisha mwisho ndiyo yenye dawa. Mama Baridi akarudi kigodani, Saba akaugua tena peke yake.

Saa tisa mchana, mwali umeshawashwa, Grafu akamwita kwenye spika, sauti ameipunguza. "Mama, uko peke yako?"

"Niko na Saba."

"Nikwambie kitu, Mkuu asisikie. Hii siyo homa ya Saba. Kila nikiukuta huu mstari umepungua. Nimechora. Nusu yake inakwisha kwa masaa sita. Pungufu kidogo ya sita, sijui kwa nini, lakini ni sita. Hakuna kitu cha kwetu humu kinachokwisha hivyo. Kuna kitu kimeingia humu leo, mama. Kimeingia na kinatembea."

Mama Baridi alikuwa anapeleka chupa ya tano mdomoni. Mkono ulikwama hewani.

Masaa sita. Kila baada ya masaa sita inapungua nusu. Sauti ya muuguzi ilimrudia yote, na koma zake, kama ujumbe uliochelewa mtandao. Usikae karibu na watoto wachanga. Alimtazama Saba kupitia tundu la plaiwudi. Halafu akajitazama mwenyewe, kuanzia kifuani kwenda chini. Miaka ishirini na sita anawafundisha watu wasilete uchafu kwa wanawe, na leo uchafu umevaa koti lake la kazi na beji yenye picha yake.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Nakwenda mara moja."

Alikwenda mbio za mtu mwenye moyo mgonjwa, yaani kutembea kwa hasira, mpaka kantini upande wa pili wa jengo, akajibanza nyuma ya mashine ya vinywaji. Akapiga hesabu. Akikaa huku mpaka jioni, aseme tumbo, mstari utazima. Kesho asubuhi atakuwa amebaki na nusu ya robo ya alichonacho. Hakuna atakayejua. Moyo wake utabaki siri, jaribio lake litabaki lake. Ilikuwa mipango mizuri kabisa, na ilidumu dakika nne.

Spika ya kantini: "Mama Baridi, njoo upande wa koki." Ni Mkuu.

Alirudi taratibu, akasimama mbali na ukuta kadiri alivyoweza, mgongo kwenye kabati la zimamoto.

"Nimeamua," alisema Mkuu. "Imezima tena, umeona? Kitu kinachozima na kuwaka ni kibovu, hiyo ni sayansi ya hata pasi ya umeme. Na neutroni zikishaliumiza jiwe, dawa ni moja, kulipasha joto. Tunaitoa Saba kwenye jaribio. Funga koki yake."

"Mkuu, tafadhali!" Sauti ya Grafu ilipasuka nyuma yake. "Mstari tunaoutafuta uko huku chini, huku kwenye namba ndogo! Saba akitoka, waliobaki hawauoni. Nitaandika nini mimi?"

"Utaandika tulichopata."

"Hatutapata kitu!"

"Mama Baridi. Koki."

Koki ya Saba ina mpini wa shaba, umelika upande mmoja kwa kiganja chake mwenyewe. Alisogea, akaushika. Miaka yote hiyo ameufungua mara tatu kwa siku, hajawahi kuufunga kwa nia ya kumnyima. Huyu ndiye aliyewahi kuandikiwa barua ya kutupwa, na sasa anatupwa kwa ugonjwa usio wake. Kosa lake nini? Ameona. Kazi yake ni kuona, kaona, tena kaona mapema kuliko daktari wa hospitali, maana picha ya moyo wenyewe majibu yake hayajatoka.

Aliuachia mpini.

"Kaka," alisema kwenye spika. Hajamwita Mkuu hivyo tangu wote wakiwa vijana. "Saba hana homa. Mgonjwa ni mimi."

Akaketi kigodani.

"Nimetoka hospitali asubuhi. Wamenichoma sindano ya kupigia picha ya moyo. Hiyo mionzi mnayoisaka toka asubuhi, imekaa hapa kwenye kigoda, inakunywa maji."

Halafu Grafu, taratibu, kama mtu anayemsogelea kuku: "Mama... naomba utembee mpaka kantini."

Akatembea.

"Umezima. Rudi."

Akarudi.

"Umewaka. Zunguka upande wa Nne."

Akazunguka. "Nne ameuona!" Grafu alianza kucheka, kicheko kinachokaribiana na kilio. "Mkuu, ni yeye! Ndiyo maana ilikuwa pungufu ya masaa sita! Dawa inaoza, na mama naye alikuwa anakwenda... mama, samahani, saa sita kasoro ishirini ulikuwa wapi?"

"Mwanangu, usiniulize mbele ya wanaume."

Mkuu hakucheka. Alishuka mwenyewe kutoka chumba cha skrini, akasimama mbele yake, kipara kimepoteza ule mng'ao. Mama Baridi alijiandaa kwa maneno ya saa za mwali zilizopotea.

"Tangu lini?" aliuliza Mkuu.

"Sindano? Saa moja."

"Moyo."

Mama Baridi aliangalia viatu vyake. "Mwaka sasa."

"Na ule mtungi umekuwa unaupandisha ngazi zile kwa mwaka mzima? Na karatasi ile ya mlangoni je?"

"Ile ya wengine."

"Na mimi napita pale kila siku nakuona unakagua taa!" Sauti ya Mkuu ilipanda, halafu ikashuka yenyewe. "Nikasema mama huyu anapenda taa. Profesa mzima. Nenda nyumbani. Chumba cha nitrojeni usikanyage. Mpaka hospitali iseme."

Hilo ndilo alilolikimbia mwaka mzima, na likamfika likiwa limevaa suruali ya kaki ya Mkuu. Alichukua chupa yake akaondoka. Mlango wa kutokea, mashine ikamlilia kwa ving'ora vyote ilivyopewa. Mlinzi alizima redio yake kwa mara ya kwanza katika historia ya taasisi. "Mama, umeiba nini?" aliuliza, akirudi nyuma hatua tatu.

"Nimejiiba mwenyewe," alisema Mama Baridi. "Fungua."

Zamu ya jioni wakanywesha Mkuu na Grafu. Simu iliita nyumbani dakika ya pili, Seremala akaiweka sauti kubwa mezani.

"Mama, kuna moshi."

"Ndio wingu lake, mwanangu. Fungua polepole. Unasikia analalamika?"

"Anafoka!"

"Huyo Tatu, ana kiherehere, mpe robo. Mkuu yuko wapi?"

"Tai yake imeganda."

"Imeganda wapi?"

"Imesimama, mama. Imenyooka mbele kama ubao wa mkate. Anaogopa kugeuka."

Seremala alilazimika kutoka nje acheke vizuri. Mama Baridi hakucheka, aliwaongoza mmoja mmoja mpaka Kumi na Mbili, kwa saa nzima na robo, kazi ambayo yeye huimaliza kwa dakika ishirini. Mwisho akasema, "Nisogezeeni simu kwa Saba." Wakaisogeza. Alisikiliza. "Haya," alisema, "kashiba huyo."

Alhamisi daktari wa moyo akampigia. Mishipa miwili imeziba. Atapewa vidonge, na mwezi ujao watamfungulia kwa mrija mwembamba, mambo ya siku mbili. Kufa hafi. Kukaa na kuelekeza, ruksa. Kubeba, marufuku, hata birika.

"Hata nikibeba kidogo?"

"Mama, hata birika."

Ijumaa, siku ya tano ya mwali, saa mbili asubuhi alikuwa mlango wa kuingilia. Mlinzi, ambaye siku hizi hamwamini mtu, alimtazama juu mpaka chini kisha akampisha. Juu, Grafu alimlaki akiwa hajachana nywele, ana karatasi mkononi.

"Mama, tumempata! Usiku wa juzi alianza kuonekana, jana akajaa. Mstari mmoja mwembamba, mia na sitini na tatu. Vimeingia viini mia mbili na kumi na moja, nusu vinageuka kabla hata ya sehemu ya kumi ya sekunde. Na Saba ndiye aliyemwona. Saba peke yake!"

Mama Baridi alikaa kigodani kwanza. Aliweka kiganja kwenye plaiwudi.

"Kuna jingine," alisema Grafu. "Mkuu alisema vipimo vyangu vya huku chini vimelegea. Kweli vilikuwa vimelegea. Kuvikaza unahitaji mstari ambao namba yake inajulikana duniani kote, uwe jirani na huo unaoutafuta, na sisi hatukuwa nao. Mama, wa kwako unajulikana mpaka nukta za mwisho. Nimevikaza kwa kutumia wewe." Akamwonyesha kwenye karatasi: kilima kirefu, na juu yake kwa kalamu, herufi mbili, M.B.

"Huu ndio moyo wangu?"

"Huo ndio moyo wako Jumanne saa sita mchana."

"Mbona umeninenepesha?"

"Ulikuwa umekaa karibu." Grafu alisita, akakunja pembe ya karatasi. "Mama... ukirudi hospitali mwezi ujao, watakuchoma tena? Nauliza tu. Tunaweza kupanga tarehe."

Mama Baridi alikuwa anatafuta kitu cha kumrushia, ndipo wakasikia hatua ngazini. Nzito, halafu zikasimama. Ngazi ya tisa. Wakasubiri. Zikaendelea, na Mkuu akatokea na mtungi wa lita kumi kifuani, bila tai, kipara kinatiririka jasho. "Kuanzia leo," alisema, "mpaka siku yako ya mwisho kazini, wewe unaelekeza, mimi nabeba." Halafu akashindwa kuanza sentensi ya pili kwa sababu pumzi iliisha.

Mama Baridi alimtazama kwa jicho lile lile analolitumia kwa detekta inayovuja.

"Pale ngazini ulisimama kufanya nini?"

"Nilikuwa..." Mkuu alihema. "Nilikuwa naangalia taa."

"Eeeh." Alimvutia kigoda, akamkalisha kwa nguvu. "Jumatatu saa moja, mimi na Seremala tutakupitia nyumbani. Unakwenda kupimwa. Na kaka, wakishakuchoma, lala kwako. Humu usikanyage, nina watoto."